Barua ya wazi kutoka Moshi: Msituletee kipimo cha saratani ya kibofu kisichokijua kichocho

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro na waganga wakuu wa wilaya zake. Na kwenu nyote mnaokaa mezani kupanga kitita cha Bima ya Afya kwa Wote.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya kilichoko tambarare, chini kabisa ya Moshi, ambako ukiinua macho unaona theluji ya Kibo na ukiyashusha unaona majaruba ya mpunga. Huu ni mwaka wangu wa 17 nikipima damu, makohozi, choo na mkojo wa watu wa huku. Barua hii ni ya mkojo.

Hivi karibuni alipita kijana wa mauzo na boksi la vipimo vya haraka. Kijana mwenye adabu, na kazi yake anaijua. Akafungua kimoja mezani kwangu, akanieleza: unadondosha matone manne ya mkojo, unasubiri nusu saa, unasoma mstari kama unavyosoma kipimo cha malaria au cha mimba. Kinatafuta protini inayoitwa NMP22. "Dokta, hiki kinakuonyesha saratani ya kibofu hapahapa, mgonjwa hana haja ya kwenda kuingizwa kamera kwenye kibofu." Nikamuuliza swali moja tu: kimejaribiwa kwa watu wenye kichocho? Akaigeuza karatasi ya maelekezo mbele na nyuma, akaisoma, kisha akasema ataniulizia ofisini. Simlaumu hata kidogo, yeye anauza alichopewa. Swali lenyewe ni lenu ninyi, kwa sababu hakuna kipimo kinachofika kwenye rafu ya kituo cha serikali, wala kwenye kitita cha bima, kabla mtu mwenye mamlaka hajaweka saini.

Kichocho nilikisoma darasani, lakini nilikuja kukielewa kwa mjomba wangu, kaka yake mama.

Mjomba alizaliwa Muheza mwaka 1967. Alikuwa akitusimulia kwamba utotoni mwao mvulana akikojoa damu hakuna aliyeshtuka. Wenzake walihesabu kwamba ameshakua. Mtoni ndiko walikooga, ndiko walikovua, ndiko walikoshindana kupiga mbizi. Miaka ya 1980, skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilipojengwa kwa msaada wa Japani, akaja huku kutafuta jaruba. Akalipata, akaoa, akazaa, akasomesha. Kwa miaka 30 na ushei miguu yake ilikuwa ndani ya maji kila msimu wa kupandikiza.

Mwaka 2018 mkojo wake ukaanza kuwa mwekundu. Haikuwa kila siku, na hakuwa na maumivu, ndiyo maana hakuhangaika mapema. Alipokwenda zahanati akaambiwa ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, akaandikiwa sipro, dawa ya kuua bakteria. Damu ikakata, baada ya wiki kadhaa ikarudi. Akaenda kwingine: UTI. Akaenda duka la dawa: UTI. Vyeti vyake alikuwa akivitunza kwenye mfuko wa rambo pamoja na risiti za ada ya maji ya skimu, na baadaye nilipovihesabu vilikuwa saba. Katika vyote saba hakuna hata kimoja kilichoandikwa alikulia wapi.

Cha nane kilikuwa changu, Juni 2019.

Alikuja saa tano asubuhi, kama nilivyomwelekeza, maana mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu, nimekuletea kazi." Nikamwambia kwanza apande na kushuka ngazi za nje mara kadhaa, kama tunavyowafanyisha wanafunzi, ili kibofu kitikisike. Mkojo alioniletea ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala. Nikautikisa, nikavuta mililita 10 kwa sirinji, nikausukuma kupitia kichujio chenye upana wa sarafu, nikakilaza kichujio juu ya slaidi, nikadondosha ayodini, nikainamia hadubini. Yai la kichocho cha mkojo ukishaliona mara moja hulisahau: limerefuka kama punje ya mpunga, na kwenye ncha moja lina mwiba. La kichocho cha tumbo, ambacho ndicho ninachokutana nacho zaidi katika wagonjwa wangu, mwiba wake uko ubavuni. Nilikipitia kichujio chote, mstari kwa mstari. Chembe nyekundu za damu, tele. Chembe nyeupe, tele. Yai, hakuna. Nikarudia kesho yake na kesho kutwa yake, hakuna.

Nikamwambia, "Mjomba, mayai sijayaona." Akashusha pumzi, akasema, "Basi niko salama, mwanangu." Foleni ilikuwa mlangoni na kalamu iko mkononi. Nikaandika kwamba hakuna mayai yaliyoonekana, nikampa cheti chake. Sikumwambia kwamba kutoyaona mayai si sawa na kusema hayapo. Kosa hilo ni langu, nimelibeba mpaka leo.

Miezi minane baadaye mkojo ukaziba kwa mabonge ya damu. Akawekewa mpira, akapelekwa hospitali ya rufaa, akaingizwa kamera. Uvimbe ulikuwa umeshazama kwenye msuli wa kibofu. Majibu ya kinyama kilichokatwa yalikuwa na mistari mitatu ambayo naikumbuka neno kwa neno: saratani ya seli bapa, imeingia kwenye msuli, ndani ya nyama yameonekana mayai ya kichocho yaliyogeuka chokaa. Mayai niliyoyatafuta siku tatu kwenye mkojo yalikuwa yamejengewa ukutani. Tulimzika Oktoba 2020, akiwa na miaka 53.

Naomba mnivumilie niueleze ugonjwa wenyewe, kwa kuwa uamuzi ninaowaomba hautaeleweka bila hapo.

Minyoo ya kichocho cha mkojo, Schistosoma haematobium, haikai ndani ya mkojo. Inakaa kwenye mishipa midogo ya damu inayozunguka kibofu, dume na jike wamekumbatiana, kwa miaka mingi, na jike hutaga kila siku. Mayai hupenya ukuta wa kibofu ili yatoke na mkojo, yafike kwenye maji, yakapate konokono ambamo vimelea hukua kabla ya kumrudia mtu. Yanayofanikiwa kutoka ndiyo ninayoyaona mimi. Yanayokwama hubaki ukutani. Mwili huyazingira, ukuta unavimba, unapoa, unavimba tena, na utando laini wa ndani unageuka polepole kuwa seli bapa, kavu, kama za ngozi. Bakteria nao hupata makazi kwenye mkojo usiokwisha kutoka, na baadhi yao hutengeneza nitrosamini, kemikali zinazojulikana kwa kuleta saratani. Mtu anapofika umri wa mjomba, minyoo yenyewe inaweza kuwa imekwisha kufa na mayai hayatoki tena, ila ukuta umebaki na makovu na chokaa. Mwenye kamera huona mabaka yanayofanana na mchanga uliolowa. Mwenye hadubini, kama mimi, haoni chochote.

Hakuna jipya katika haya. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliiona minyoo hii Kairo mwaka 1851. Mwaka 1911, hukohuko Kairo, mtaalamu aitwaye Ferguson alichapisha taarifa ya wagonjwa 40 waliokuwa na kichocho na saratani ya kibofu kwa pamoja. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likauweka mnyoo huu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi lilelile la moshi wa sigara. Kwa miongo mingi saratani ya kibofu ndiyo iliyokuwa ikiongoza kwa wanaume wa Misri, na nyingi ilikuwa ya seli bapa kama ya mjomba. Kichocho kilipodhibitiwa, sehemu ya seli bapa ikapungua.

Huko Ulaya na Marekani mambo ni tofauti. Takriban asilimia 90 ya saratani za kibofu huko huanzia kwenye utando wa kawaida wa njia ya mkojo, kisababishi kikubwa ni sigara, na wagonjwa wengi wameshavuka miaka 60. Saratani inayotokana na kichocho huwakuta watu mapema zaidi, wakiwa na miaka 40 na 50 na kitu, bado wana watoto shuleni.

Sasa turudi kwenye boksi la yule kijana. Vipimo vya protini za mkojo vilitengenezwa na kupimiwa ubora kwa wagonjwa wa huko. NMP22 ni protini ya ndani ya kiini cha seli, inayosaidia kugawa vinasaba seli inapojigawa. Seli za saratani huwa nayo nyingi, na zinapokufa humwagika kwenye mkojo. Mpaka hapo ni sawa. Lakini seli yoyote inayokufa humwaga yake. Jiwe la kibofu huileta, maambukizi ya mkojo huileta, na uvimbe wa ukuta huileta. Kibofu chenye kichocho kinabambua seli asubuhi na jioni. Mstari ukitokea, kipimo kitakuwa kimesema kweli kwamba seli zinakufa kwa wingi. Sisi ndio tutakaomwambia mkulima ana saratani.

Kingine ni kile kinachoitwa BTA. Hiki kinatafuta protini iliyo jamaa wa faktari H ya komplimenti, mojawapo ya protini za kinga zinazozunguka katika damu ya kila mmoja wetu. Ikitokea damu imeingia kwenye mkojo, kipimo kinaweza kusoma chanya kwa sababu ya damu hiyo tu. Waheshimiwa, dalili kuu ya kichocho cha mkojo ni damu kwenye mkojo! Kumpima mgonjwa wa kichocho kwa kipimo kinachobabaishwa na damu ni sawa na kupima homa ya mtu aliyekaa juani.

Upande wa pili unanitisha zaidi. Kiwango cha kusema huyu anayo na huyu hana kiliwekwa kwa kutumia saratani ya aina ile nyingine. Ya seli bapa ina tabia yake. Seli bapa hutengeneza keratini, protini ya jamii ileile iliyomo kwenye kucha na nywele, na vipo vipimo vinavyotafuta vipande vya keratini kwenye mkojo. Huenda hivyo vikatufaa zaidi. Hata hivyo utando uliogeuka bapa kwa sababu ya kichocho, bila saratani yoyote, nao unaweza kutengeneza keratini. Ndiyo maana nasema jibu halitatoka kwenye karatasi ya maelekezo iliyochapwa mbali. Litatoka kwenye mikojo ya watu waliokulia Muheza, Misungwi, Pemba, na ya waliohamia Moshi wakiwa na vibofu vyao vilivyokwisha kuumia.

Nifanye hesabu ya mezani, nikitumia namba za mfano tu. Tuchukue watu wazima 1,000 wa vijiji vyenye kichocho, watano kati yao wana saratani ya kibofu. Tuwapime wote kwa kipimo kinachokosea kwa watu 20 katika kila 100 wasio na saratani. Tutawatisha watu 199 bure. Kila mmoja wao atahitaji kamera. Wa Kahe atapanda bodaboda mpaka barabarani, kisha daladala, atalala kwa ndugu, atakosa siku za palizi, na atakaa na neno saratani kichwani kwa wiki nzima akimwangalia mke wake. Wale watano wenyewe watakuwa kwenye foleni hiyohiyo, nyuma ya hao 199. Na kipimo kikishindwa kuiona ya seli bapa, mmoja au wawili kati ya watano hawatakuwa hata kwenye foleni. Watakuwa nyumbani na cheti kinachosema hakuna, kama kile nilichomwandikia mjomba.

Nia njema haitoshi kutuepusha na hili. Misri hiyohiyo, kuanzia miaka ya 1950 mpaka ya 1980, iliendesha kampeni kubwa ya kuwachoma watu sindano za kutibu kichocho. Sindano zilirudiwa bila kusafishwa ipasavyo, na homa ya ini aina ya C ikaenea nchi nzima. Waliofanya vile walikuwa wanaokoa watu. Kipimo hakitambukizi ugonjwa, nakubali, lakini nimetaja Misri kwa sababu walikuwa na haraka, na haraka ya aina hiyo naiona sasa kila ninapomsikia mtu akisema "teknolojia imefika".

Mtaniuliza kama basi nazipinga hizi protini. Ninazitaka kuliko mtu yeyote! Hadubini yangu inaona yai lililotoka tu. Dipstiki, kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo, inaona damu tu, haijui damu ya nini. Kwa mtu kama mjomba, ambaye mayai yake yamekwama na minyoo yake huenda ilikufa zamani, kitu pekee kinachoweza kutoka ukutani kikanifikia mimi kwenye kikopo ni kile ambacho seli zake zinamwaga. Protini ndiyo njia. Lakini iwe protini inayojua kutofautisha ukuta uliovimba kwa kichocho na ukuta ulioota saratani.

Na njia ya kuitafuta naiona, hapahapa nchini. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, kwa dozi ya miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo mikubwa, na watoto wenye vidonda vya kibofu wakipimwa kwa ultrasaundi miezi michache baada ya kutibiwa, wengi ukuta wao huwa umetulia. Maana yake protini zinazoletwa na uvimbe wa kichocho zinapaswa kushuka minyoo ikifa. Za saratani hazina sababu ya kushuka. Basi tuchukue mkojo wa watu wazima wenye damu kwenye mkojo kabla hawajameza dawa, tuugandishe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Tuwape dawa, na yeyote ambaye daktari ameona anastahili kamera aende kwenye kamera bila kungoja. Baada ya miezi sita tuchukue mkojo mwingine. Kisha tupime protini zote hizi zinazouzwa, pamoja na zile ambazo bado ziko kwenye maabara za watafiti, na kuzilinganisha na kile ambacho kamera na kinyama vimeonyesha. Itakayobaki juu wakati nyingine zimeshuka ndiyo ninayoiomba ije mezani kwangu.

Sambamba na hiyo iwepo alama ya mnyoo wenyewe. Kuna kitu kinaitwa CAA, ambacho minyoo hai hukitapika kutoka kwenye utumbo wake kikaingia kwenye damu na mkojo wa mtu, na watafiti wa Leiden, Uholanzi, wamekifanyia kazi miaka mingi. Kikiwepo, minyoo iko hai. Ndugu yake, CCA, tayari kina kijiti cha haraka kinachofanya vizuri kwa kichocho cha tumbo, lakini kwa kichocho cha mkojo hakitegemeki, na nimewahi kuwaona wenzangu wakikitumia kwa vyote viwili kana kwamba ni kitu kimoja. Fikirini kikopo kimoja cha mkojo kinachonijibu maswali mawili: minyoo ipo hai? Na ukuta umeshaharibika kiasi cha kuhitaji kamera? Hapo namtuma mtu rufaa nikijua ninachomtumia.

Msiniambie hatuna watu wa kazi hiyo. Hospitali ya rufaa ya KCMC ipo hapa Moshi tangu 1971 na inafundisha madaktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina vituo Tanga na Mwanza, kwenye mikoa ambayo kichocho cha mkojo kipo kwa miaka na miaka. Wa Tanga wana wagonjwa, wa Moshi wana kamera, na kati yao kuna barabara ya lami. Wizara ikisema neno, wataketi pamoja.

Kwenu Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ombi langu ni la wazi: mtu akileta kipimo cha saratani ya kibofu kusajiliwa Tanzania, mwombeni aonyeshe kilivyofanya kazi kwa watu wenye kichocho. Kama hajajaribu, kisisajiliwe kwa ajili ya uchunguzi wa vituo vya chini, na karatasi yake iseme hivyo kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. Kwenu mnaopanga kitita chini ya sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023: pesa mliyotaka kuiweka kwenye vipimo hivyo kwa sasa iwekeni kwenye kamera ya kibofu, na kwenye nauli na kitanda cha mgonjwa wa rufaa. Mjomba hakukosa kipimo cha kisasa. Alikosa mtu wa kumwambia aende kwenye kamera mwaka 2018.

Hilo nalo halihitaji kusubiri protini yoyote. Mganga Mkuu wa Mkoa, unaweza kulianza Jumatatu. Mtu mwenye umri wa miaka 35 na zaidi akija na damu kwenye mkojo, atibiwe UTI mara moja kama ipo. Damu ikirudi, asiandikiwe sipro ya pili, apewe rufaa. Kwenye kitabu cha MTUHA, tunamoandikisha wagonjwa, tuongezewe safu moja ndogo tu: amekulia wapi, na maji gani aliyaoga au kuyafanyia kazi. Nimejaribu mwenyewe kuwauliza wagonjwa wangu swali hilo, na linachukua muda mfupi kuliko kufungua kifuniko cha kikopo. Majibu yake yamenipeleka Shinyanga, Muheza, Unguja, Kilosa. Moshi yetu ni ya wenyeji na wahamiaji. Kichocho cha mtu hakishuki kituo cha basi pale anapobadilisha mkoa.

Kuhusu kingatiba, yaani kugawa dawa ya kichocho kwa wengi bila kumpima kila mtu, nashukuru kwa dhati kinachofanyika shuleni. Nimesimama na walimu nikishika ile fimbo ya kupimia urefu ili kujua idadi ya vidonge, watoto wakiwa wamekula kwanza ili vidonge visiwachafue roho, wakikunja nyuso kwa uchungu wake. Lakini aliyeko jarubani leo ameshamaliza shule. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaka dawa iwafikie watu wa kuanzia miaka miwili mpaka watu wazima katika maeneo ambako walioambukizwa wanafikia asilimia 10. Watu wazima wa skimu zetu wanamezeshwa lini? Zanzibar, waliojiwekea lengo la kutokomeza kichocho cha mkojo mwaka 2012, waliwagawia dawa na watu wa mitaani, wakapambana na konokono, na leo kiwango chao ni kidogo mno ukilinganisha na cha zamani. Wametuonyesha kwamba inawezekana tukiwa na nia ileile mwaka hadi mwaka.

Na wanawake msiwasahau. Mayai hayohayo huingia kwenye mlango wa kizazi na ukeni, yakaleta vidonda na damu ambavyo hutibiwa kama magonjwa ya zinaa, na ndoa nyingi zimevurugika kwa tuhuma ambazo chanzo chake ni mfereji wa maji. Mama anayepandikiza mpunga anasimama kwenye maji yaleyale aliyosimama mjomba, mara nyingi na mtoto mgongoni.

Kituo chetu kinafunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Kama mmoja wenu atapenda kuja kuona, nashauri aje kati ya saa nne na saa nane mchana, siku yoyote ya kazi, wakati mayai yanatoka. Atanikuta kwenye hadubini ya dirishani. Cheti cha nane nimekibandika ukutani, juu yake kidogo, ili nikisome kabla sijaandika cha mtu mwingine.

Wenu katika kazi,

Mtaalamu wa maabara, kituo cha afya, Moshi Vijijini